Ukuta wa Tajiri wa Vidonge

Wanaozitetea picha za zama za Malkia Victoria mara nyingi hutafuta hoja moja itakayotosha kuzibeba zote. Wapo wanaosema uzuri wake ni ufundi wa mkono, yaani jinsi mchoraji alivyoichora hariri hadi mtazamaji akatamani kuigusa. Wapo wanaosema ni kumbukumbu ya Uingereza iliyokwisha kutoweka. Na wapo, hasa tangu miaka ya 1960, wanaowataja vijana wa kundi la wachoraji lililoitwa Pre-Raphaelite na wanawake wao wenye nywele ndefu nyekundu kana kwamba hakuna mwingine aliyeshika brashi katika zaidi ya miaka 60 ya utawala wa malkia huyo. Mimi naona kila hoja ya namna hiyo hukwama mara inapopelekwa mbele ya mkusanyo halisi, ulionunuliwa na mtu mmoja kwa fedha zake na kwa macho yake. Mkusanyo unaofaa sana kwa kipimo hicho uko Egham, Surrey, nje kidogo ya London, ndani ya chuo kinachoitwa Royal Holloway.

Thomas Holloway, aliyezaliwa Devonport mwaka 1800, hakuwa mwanazuoni wala mwana wa lodi. Aliuza vidonge na marhamu. Ndani ya vidonge hivyo mlikuwa na shubiri, manemane na zafarani, na matangazo yake yalidai kwamba vinaponya karibu kila maradhi. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa aliyewahi kusoma kibao cha dawa inayotibu presha, kesi na mapenzi yaliyopotea hahitaji maelezo zaidi. Kilichomtajirisha kilikuwa tangazo lenyewe. Kufikia mwaka 1883 alikuwa akitumia takriban pauni 50,000 kwa mwaka kujitangaza. Baada ya mkewe Jane kufariki mwaka 1875 aliamua kujenga chuo cha wanawake, akampa kazi msanifu majengo William Henry Crossland, na kasri la Chambord la Ufaransa likawa kielelezo chao. Kisha, kati ya Mei 1881 na Juni 1883, akanunua picha 77 kwa ajili ya chuo hicho, nyingi zikitoka minadani, kwa jumla ya zaidi ya pauni 80,000. Alifariki Desemba mwaka huohuo wa 1883, na chuo kikafunguliwa na Malkia mwenyewe mwaka 1886 bila mwenye mali kukiona kikiwa na watu.

Picha 77 katika miaka miwili ni ununuzi wa haraka mno, na haraka hiyo ndiyo inayoupa mkusanyo thamani yake ya uchambuzi. Jumba la sanaa la umma hununua kwa kamati, na kamati huuliza picha ina nafasi gani katika historia ya uchoraji. Mkusanyaji aliyelelewa na vitabu hununua kwa nadharia, na baada ya miaka 30 ukuta wake huwa umekuwa hotuba moja ndefu. Holloway hakuwa na kamati wala nafasi ya kujenga nadharia. Alikuwa na jicho la mtu aliyetumia maisha yake yote akijiuliza ni kitu gani kinachomfanya mpita njia asimame, na picha alizozikimbilia, kwa sehemu kubwa, ni zile ambazo tayari zilikuwa zimekwisha kuwasimamisha watu kwa maelfu. Ndiyo maana ukuta wake hauna mvuto mmoja. Una mivuto mingi inayogombana, kama ilivyo kwa umati wenyewe.

Tuanze na picha ya William Powell Frith ya mwaka 1862, ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita Kituo cha Reli. Ina upana wa zaidi ya mita mbili na nusu, na inaonyesha kituo cha Paddington muda mfupi kabla ya treni kuondoka. Katikati mama anambusu mwanawe anayekwenda shule ya bweni, na mchoraji aliitumia familia yake mwenyewe kwa sehemu hiyo. Dereva wa gari la farasi anazozana na mgeni juu ya nauli. Bibi harusi anaagwa. Kulia kabisa, mtu aliyekwisha kuweka mguu kwenye kidato cha behewa anashikwa bega na wapelelezi wawili, na nyuso za wapelelezi hao ni za maofisa wa kweli wa polisi ya London, Michael Haydon na James Brett. Picha hii haitazamwi kwa mara moja. Husomwa, tena husomwa kwa kurudiarudia, kwa sababu jicho likifika kwa yule mhalifu hutaka kurudi nyuma kuangalia ni nani mwingine kituoni aliyekwisha kuona kinachotokea.

Mvuto wa kazi kama hii, kusema kweli, ni mvuto wa udaku, na silisemi neno hilo kwa dharau. Anayesubiri basi la alfajiri katika kituo kikubwa cha mikoani hufanya kazi ileile ambayo Frith anamfanyisha mtazamaji wake: huyu anamuaga nani, yule amegombana na nani, mbona wale wawili hawaongei? Dalali Louis Victor Flatow, aliyeiagiza picha, hakuitaka ili aitundike sebuleni. Aliionyesha peke yake kwa kiingilio, na katika muda wa wiki saba watu zaidi ya 21,000 walilipa kuiona. Frith alikuwa anauza kitu ambacho karne iliyofuata ilikitafuta katika sinema.

Picha ya Luke Fildes ya mwaka 1874 nayo inasomwa, ila msomaji wake haondoki na furaha ileile. Inaonyesha watu wasio na makazi wakiwa wamejipanga usiku wa baridi nje ya kituo cha polisi, wakisubiri vibali vya kulala usiku mmoja katika chumba cha maskini. Fildes alikuwa amelichora tukio hilo kwanza kama picha ya gazeti, katika toleo la kwanza la The Graphic, Desemba 1869. Charles Dickens alipoiona, alimchagua kijana huyo awe mchoraji wa riwaya yake ya mwisho, ambayo kifo kilimkuta hajaimaliza. Kwa ajili ya turubai kubwa, Fildes alikwenda mitaani kuwatafuta watu wa kweli wa aina hiyo na kuwaleta chumbani kwake wasimame mbele yake. Ukutani, nyuma ya foleni, amebandika matangazo ya zawadi, na mtu akiyasoma kwa makini ataona kwamba zawadi iliyoahidiwa kwa mbwa aliyepotea ni kubwa kuliko ile ya mtoto. Hakuna kidole kinachomwelekeza mtazamaji huko. Aliye na haraka hulikosa jambo hilo kabisa.

Picha ilipoonyeshwa katika Royal Academy, taasisi ya sanaa ya London, ilibidi iwekewe kizuizi, kwa kuwa watu walisongamana mno. Hapa pana jambo ambalo watetezi wa sanaa yenye huruma hawapendi kulizungumzia: watu walioshiba walijipanga foleni ili kuwatazama wenye njaa walio kwenye foleni. Je, walitoka pale wakiwa wameguswa au wameburudika? Nadhani walitoka na yote mawili, na picha yenyewe inalijua hilo. Mwanga wa taa ya gesi, umande, matambara yaliyolowa, vyote vimechorwa kwa uzuri ambao umaskini wenyewe hauna. Mtu anayeikubali picha hii kwa sababu inawatetea maskini, na mtu anayeikubali kwa sababu ya rangi ya ukungu wake, wamesimama sehemu moja lakini hawatazami kitu kimoja.

Lakini picha inayonishughulisha kuliko zote katika ukumbi ule ni ya Edwin Long, ya mwaka 1875, Soko la Ndoa la Babeli. Kisa chake kinatoka kwa Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, aliyesimulia kwamba katika vijiji vya Babeli wasichana waliofikia umri wa kuolewa walikusanywa mara moja kwa mwaka na kupigiwa mnada, wazuri zaidi wakitangulia; kisha fedha zilizolipwa kwa wazuri zikatumiwa kuwapa wanaume waliokubali kuwaoa wale ambao hakuna aliyewatamani. Msomaji wa kwetu atafikiria mahari, na atakuwa amekosea kidogo, kwa sababu mahari hupita baina ya pande mbili zinazotaka kuwa jamaa, ilhali katika kisa hiki fedha huingia kwenye mfuko wa wote na kutoka tena kama fidia. Ni hesabu ya sokoni iliyokamilika hadi kutisha.

Long amelipanga tukio kwa hila. Umati wa wanunuzi uko nyuma ya picha, ukitazama mbele. Msichana wa kwanza amesimama juu ya jukwaa akiwa ametupa mgongo, kwa hiyo uso unaowashangaza wanaume wote wale sisi hatuuoni. Tunachokiona ni safu ya wasichana wanaosubiri zamu, wameketi chini mbele yetu, wakituelekea, wamepangwa kwa daraja ya uzuri kama ulivyohukumiwa na soko. Mmoja wao, aliye katikati, anatutazama moja kwa moja. Wa mwisho kabisa ameuficha uso wake. Kwa mpangilio huo mtazamaji anajikuta amewekwa mahali pa aibu, upande wa pili wa mnada, akiwakagua wale ambao wanunuzi bado hawajawafikia.

John Ruskin, mkosoaji aliyeogopwa kuliko wote wakati ule, aliandika kwamba kazi hii inastahili kununuliwa na chama cha wanaanthropolojia. Ilikuwa sifa yenye mwiba, na mwiba wake ulikuwa wa haki kiasi. Long aliichota Babeli yake kutoka kwenye vitu vya Waashuru vilivyokuwa katika jumba la makumbusho la British Museum, na Mashariki aliyoichora ni ile ambayo London ilipenda kuiona: mbali, ya kale, yenye ngozi za rangi mbalimbali, na yenye ruhusa ya kuwatazama wanawake bila kujiona mkosaji. Hata hivyo wapo watazamaji wa wakati uleule walioitazama na kuona misimu ya dansi za London, ambako mabinti wa matajiri walipelekwa kuonyeshwa kwa wenye vyeo. Picha imebeba tafsiri zote mbili, ya kujistarehesha na ya kujishutumu, na haimlazimishi mtu kuchagua.

Mwaka 1882 Holloway aliinunua mnadani kwa pauni 6,615, bei ambayo hakuna picha ya mchoraji wa Kiingereza aliye hai iliyokuwa imewahi kuifikia mnadani. Kwa hiyo picha ya mnada wa wasichana ilivunja rekodi ya mnada, kisha ikapelekwa kutundikwa katika chuo ambako, mwaka 1887, wanawake 28 wa kwanza walikuja kusoma ili wawe na kitu kingine cha kutegemea maishani zaidi ya kuchaguliwa na mume. Wapo wanaoona hapa kejeli ya makusudi ya mfadhili, kama vile alitaka kuwaambia wanafunzi wake: tazameni mlikotoka. Siamini. Naamini aliinunua kwa sababu ilikuwa maarufu na watu walikuwa wakiizungumza. Maana ile nyingine ilitokana na ukuta. Msichana anayekwenda kwenye somo la hisabati akapita mbele ya yule wa katikati anayemtazama usoni, anaona picha ambayo Long hakuichora na Holloway hakuilipia.

Zilizobaki nizitaje kwa kupita. John Everett Millais yumo kwa watoto wawili wa kifalme waliofungwa katika Mnara wa London, nguo zao nyeusi na nywele zao za dhahabu, picha ambayo kwa maoni yangu inamwomba mtazamaji machozi mapema mno. Frank Holl yumo na mahabusu ya Newgate, ambako mke aliyebeba mtoto amekuja kumwona mume aliye nyuma ya nondo, na ni bora kuliko Millais kwa sababu hakuna anayelia kwa ajili yetu. Briton Riviere amechora msichana aliyeketi kwenye ngazi na mbwa aliyeegemeza kidevu begani mwake. Wasomi huicheka, na wageni huipenda. Halafu kuna bahari, miamba, mavuno na mawio ya jua kwa wale ambao hawataki kusimuliwa chochote.

Ni vyema kutambua wasiomo. Rossetti na Burne-Jones, wachoraji wa wale wanawake wenye nywele ndefu, hawamo. Ukiulinganisha ukuta huu na mkusanyo wa mtunzi wa muziki Andrew Lloyd Webber, ulioonyeshwa katika Royal Academy mwaka 2003, utadhani unatazama nchi mbili tofauti. Kwa Lloyd Webber wanatawala wanawake wenye ndoto, malaika, mashairi ya kale. Mwaka 2000 alilipa zaidi ya pauni milioni 6 kwa Mtakatifu Cecilia wa John William Waterhouse. Hakuna reli, hakuna foleni ya maskini inayouongoza ukumbi. Yeye ni mtu wa jukwaa na wimbo, na Holloway alikuwa mtu wa gazeti na bango, na kila mmoja alichota kutoka karne ileile kile alichokielewa.

Lloyd Webber mwenyewe amesimulia kwamba alipokuwa kijana aliiona katika duka moja la London picha ya Frederic Leighton ya mwaka 1895, Flaming June, mwanamke aliyelala ndani ya vazi la rangi ya chungwa, ikiuzwa pauni 50, na bibi yake akakataa kumpa fedha hizo kwa sababu hakutaka takataka za zama hizo nyumbani mwake. Bibi huyo hakuwa na jicho baya kuliko wenzake. Alikuwa anasema waliyosema wote wenye elimu tangu baada ya vita vya kwanza vya dunia. Mwaka 1963 picha hiyo ilinunuliwa kwa pauni 2,000 na Luis Ferré, mfanyabiashara wa Puerto Rico ambaye baadaye alikuwa gavana, na hadi leo ni mali ya jumba la sanaa alilolianzisha mjini Ponce. Lawrence Alma-Tadema alilipwa pauni 5,250 kwa picha yake ya kuokotwa kwa Musa, aliyoimaliza mwaka 1904, miaka mitatu baada ya Malkia kufariki lakini kwa roho ileile. Mwaka 1960 iliuzwa kwa pauni 252, na mwaka 2010 ikauzwa New York kwa karibu dola milioni 36. Turubai haikubadilika hata nukta. Katika miaka ile ya dharau, majumba mengi ya umma yalizishusha picha kama hizi na kuzipeleka stoo. Walioendelea kuzitazama, kwa sehemu kubwa, walikuwa watu binafsi wasiojali kuchekwa, au taasisi kama ile ya Egham ambayo ilikuwa imeachiwa ukuta na haikuwa na ukuta mwingine.

Kisha soko likarudi, na likaja na mtihani wake. Mwaka 1993 chuo, kikihitaji fedha za kutunza jengo lake, kiliuza picha ya bahari ya mchoraji Turner ya mwaka 1844 kwa jumba la makumbusho la Getty la Marekani kwa pauni milioni 11, na baadaye zikauzwa picha za wachoraji Gainsborough na Constable. Kelele zilikuwa kubwa, na zilistahili, kwa kuwa aliyetoa kwa ajili ya chuo hakutoa ili kiuze. Lakini angalia ni zipi zilizoondoka. Gainsborough alifariki karne ya 18, Constable alifariki mwaka uleule Victoria alipoanza kutawala, na Turner, ingawa alichora chini ya malkia huyo, wasomi humhesabu pamoja na waliotangulia. Ziliuzwa zile tatu ambazo historia ya sanaa ilikuwa imezithibitisha bila ubishi. Zilibaki zile zilizothibitishwa na umati. Nasikitika kwamba Turner ameondoka, na papo hapo nakiri kwamba ukumbi ulipopungukiwa naye ulizidi kuwa wa Holloway.

Miongoni mwa zilizobaki kuna moja ambayo mvuto wake wa leo haukupangwa na mchoraji, wala mnunuzi, wala soko. Edwin Landseer aliichora mwaka 1864, baada ya msafara wa Sir John Franklin, meli mbili na watu 129 walioondoka mwaka 1845 kuitafuta njia ya bahari kaskazini mwa Amerika, kuangamia wote katika barafu. Mwaka 1854 mvumbuzi wa nchi za baridi John Rae alikuwa amerudi na habari kutoka kwa Wainuit, wenyeji wa nchi hizo, kwamba wa mwisho kati yao walikula maiti za wenzao, na Uingereza ilikataa kumsikiliza. Landseer hakumchora binadamu hata mmoja aliye hai. Alichora mabaki ya meli, darubini iliyotupwa, na dubu weupe wawili: mmoja anararua bendera, mwingine anatafuna mbavu. Jina aliloipa picha hiyo ni methali, na Kiswahili tunayo: mtu hupanga, Mungu hupangua. Kwa watu wa zama hizo jina la picha lilifanya kazi ambayo kwetu hufanywa na jina la kanga. Macho huvutwa na pambo, kisha hushuka kwenye maneno, na pambo halirudi kuwa lilivyokuwa.

Ukumbi wa picha wa Royal Holloway hutumika pia kwa mitihani. Kwa vizazi kadhaa wanafunzi wameamini kwamba anayekaa chini ya dubu wale atafeli, na husimuliwa kwamba katika miaka ya 1970 mmoja wao aligoma kuketi hapo mpaka picha ifunikwe. Mfanyakazi wa chuo alihangaika kutafuta kitambaa chenye ukubwa wa kutosha, na alichokipata kilikuwa bendera ya Uingereza. Tangu hapo imekuwa desturi. Kila msimu wa mitihani, ndani ya fremu dubu anaendelea kuirarua bendera ya meli, na juu ya fremu inatundikwa bendera nyingine, nzima, ili watahiniwa waweze kuandika.